Ugomvi wa Usukani

Mpenzi wa magari anayesema umeme ni mgeni katika mambo ya kasi amechelewa kwa zaidi ya karne moja. Rekodi ya kwanza ya mwendo wa gari, ya Desemba 1898 huko Achères karibu na Paris, iliwekwa na gari la umeme: kilomita 63 kwa saa. Tarehe 29 Aprili 1899, mahali hapohapo, Mbelgiji Camille Jenatzy alipanda chombo chake chenye umbo la kombora akafikisha 105. Hakuna dereva aliyewahi kuvuka 100 kabla yake, na chombo kile hakikuwa na hata tone la petroli.

Petroli ilikuja kushinda kwa sababu za mfukoni zaidi kuliko za moyoni. Betri za risasi zilikuwa nzito na ziliisha upesi. Gari la Ford la 1908 likashusha bei. Kisha mwaka 1912 Cadillac ikafungwa starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, ikawaondolea madereva hendeli ya kuwashia injini, ambayo ilikuwa ikirudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mikono. Kwa hiyo mota ndogo ya umeme ilisaidia kulizika gari la umeme.

Mapenzi yalifuata baada ya ushindi huo. Marekani walipata Pontiac GTO mwaka 1964 na mafuta ya bei poa ya kuichezea, mpaka msukosuko wa mafuta wa 1973 ulipowakumbusha kwamba mafuta yana wenyewe. Afrika Mashariki tulikuwa na Safari Rally, iliyoanza 1953, na watu walijifunza kuitambua injini kwa sauti kabla vumbi halijatokea kilimani. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Subaru Impreza iliposhinda 1997 na 2000, haikuhitaji tangazo Nairobi.

Lakini ukitaka kujua wapenzi hawa wanagombea nini hasa, uache umeme kando kwanza uwatazame wakigombana na petroli yenyewe. Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 mpya isiyo na gia ya mkono wala klachi ya mguu. Giaboksi yake ilibadilisha gia haraka kuliko mkono wowote wa binadamu, na saa ya kupimia mwendo haikuwa na ubishi. Wapenzi wakanung'unika hata hivyo. Mwaka 2016 kampuni ikatoa 911 R yenye gia sita za mkono, kwa idadi ndogo, na bei yake ya kuuziana ikapaa. Mwaka uliofuata GT3 nayo ikarudishiwa klachi. Watu walilipa zaidi ili waende polepole kidogo! Kwa mtazamo wangu, kisa hicho kinatosha kutuambia kwamba kasi haijawahi kuwa kiini cha ugomvi.

Ndiyo maana ushindi wa umeme haujawanyamazisha. Mwaka 2018 Romain Dumas aliipandisha Volkswagen ID.R ya umeme kwenye mlima Pikes Peak, Colorado, kwa chini ya dakika nane, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, kwa petroli wala kwa dizeli. Mlima ulimpendelea: kileleni, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini hukosa pumzi, ilhali mota haivuti hewa. Wapinzani walikubali saa, wakahamia kwenye uzito na ukimya. Hyundai wakawajibu mwaka 2023 kwa Ioniq 5 N, gari la umeme linaloigiza gia na mngurumo kupitia spika. Unaweza kucheka, lakini mtengenezaji hajisumbui kuunda gia za uongo kama hajui mteja amepungukiwa na nini.

Gari linalojiendesha ni shauri jingine. Mjerumani Ernst Dickmanns alilijaribu miaka ya 1980 kwa gari kubwa la Mercedes lenye kamera. Katika shindano la jeshi la Marekani jangwani Mojave mwaka 2004, hakuna gari lililomaliza njia, na lililofika mbali zaidi halikufikisha hata kilomita 12. Mwaka uliofuata matano yalimaliza. Kufikia 2020, watu wa Phoenix waliweza kuita teksi ya Waymo isiyo na dereva.

Kwa kazi ya teksi na foleni za mjini, wapenzi wengi wa magari hawana neno. Nani anapenda foleni? Shida ni uwanjani. Aprili 2024, Abu Dhabi iliandaa mbio za magari yasiyo na madereva. Gari lililokuwa likiongoza lilizunguka likasimama, bendera ya njano ikatolewa, na yaliyokuwa nyuma nayo yakasimama, kwa sababu programu iliyakataza kupita. Siku hiyohiyo Daniil Kvyat, aliyewahi kuendesha Formula 1, alipimana na gari mojawapo, akaliacha.