Kigawe, kigawo na karatasi ya karanga

Ukinunua karanga stendi ya Mafinga, basi la Mbeya likishusha abiria, isome karatasi kabla hujaitupa. Mara nyingi ni ukurasa wa daftari: hesabu za kugawanya, tarehe juu, vema ya wino mwekundu. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo, mvua zikinyesha, nyumba nyingi toka Iringa mjini hadi Uyole hukung'uta boksi la madaftari la chini ya kitanda ili kupisha kaunta buku na tranka. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi ya kufungia haikosi mteja.

Kazi hiyo ya kukung'uta boksi wengine huiita kusafisha, wengine kutoa makorokoro. Mimi nashika "kuchambua", maana anayechambua maharage hamwagi sinia zima.

Daftari la Uraia na Maadili liende na karanga, sina ugomvi. Zuieni Hisabati, na Sayansi na Teknolojia. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu uamuzi wa 1967. Sekondari ni Kiingereza. Kwa hiyo madaftari hayo yanapotoka, inatoka nayo lugha nzima ya hesabu ambayo mtoto hataisikia tena darasani. Magazijuto, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, inageuka bodmas, na herufi hizo hazimwambii lolote mpaka afafanuliwe upya.

Tazama kigawe na kigawo. Watoto huvichanganya, na walimu huchora mistari myekundu, lakini tofauti yake imo katika irabu moja tu. Kiishio -e hutaja kinachotendwa: kiumbe kimeumbwa, mtume ametumwa, mteule ameteuliwa. Basi kigawe ndicho kinachogawanywa: 24 ni kigawe cha 6. Kiishio -o mara nyingi hutaja cha kutendea, kama kizibo cha kuzibia au ufagio wa kufagilia. Kigawo ndicho kinachogawa: 6 ni kigawo cha 24. Mtoto wa Tukuyu anayejua kwa nini mtume si mtumaji ameshashika nusu ya somo kabla mwalimu hajagusa chaki. Ndiyo maana KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika na KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika. Ukizibadilisha irabu hizo, hesabu yote inapinduka.

Kipeo na kipeuo navyo ni hivyo hivyo. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili cha 49 kinakurudisha kwenye 7. Sikio la Mswahili linasikia humo mwangwi wa funga na fungua, kunja na kunjua. Kwenye Sayansi, usanisinuru nao haujifichi: usanisi kwa nuru, mmea unajitengenezea chakula juani. (Wanaolicheka neno hilo kuwa refu wajaribu kulitamka lile la Kiingereza.)

Januari mwalimu akiandika LCM ubaoni, mwenye daftari lake la zamani ataandika KDS pembeni kwa penseli, aendelee na hesabu. Kama tranka limejaa, punguzeni sabuni. Dukani jirani na shule zipo, daftari lile halipo.