Hati za Zamani na Historia ya Mwambao wa Rumonge

 

Katika vita vya Yamama, baada ya Mtume kufariki, waliuawa Masahaba wengi waliohifadhi Kurani. Sayyidna Umar akaingiwa na khofu, akamwendea Khalifa Abu Bakr, naye akamwamuru Zaid bin Thabit aikusanye Kurani mahali pamoja. Zaid hakuikuta katika kitabu kimoja kilichofungwa vizuri. Aliitafuta katika makuti ya mitende, katika mawe membamba, katika vipande vya ngozi na katika vifua vya watu, wala hakupokea andiko bila ya ushahidi. Hapana shaka Kurani haifananishwi na maandishi ya watu. Lakini katika kazi ile mna adabu tatu zimfaazo kila akusanyaye maandishi: aharakishe kabla wenye kujua hawajatoweka, asidharau kipande kidogo, na asiseme jambo bila ya ushahidi.

Adabu hizo zahitajiwa sana leo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, tangu Bujumbura mpaka Rumonge na Nyanza-Lac.

Atakaye kusoma khabari za zamani za mwambao huu hupelekwa mbali. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Mwezi wa Aprili wakapanda mitumbwi, wakaufuata ukingo wa Urundi kuelekea kaskazini, hata wakafika Uvira. Burton akayaandika hayo katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1860. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley nao wakaenda kwa mtumbwi kando ya Urundi mpaka mdomo wa Mto Rusizi, wakaona ya kuwa mto ule huingia ziwani wala hautoki. Na kitabu cha Stanley kikatoka mwaka 1872. Katika mwaka wa 1879 Mapadri Weupe wakaweka kituo Rumonge penyewe, na mwezi wa Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja wakauawa hapo. Kumbukumbu za shirika lao zimehifadhiwa Roma. Basi kijana wa Rumonge akiuliza mji ulikuwaje zamani za babu wa babu yake, hujibiwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, tena kwa maneno ya wageni ambao wengine wao walipita tu, hawakulala mji mmoja siku nyingi.

Je, watu wa mwambao wenyewe hawakuandika? Waliandika. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora hata Ujiji haikuleta nguo na shanga peke yake. Ilileta na karatasi, misahafu na vitabu vya dini. Waislamu waliofanya biashara kandokando ya ziwa waliandikiana kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Aliifanya Ujiji kuwa makao yake, akajaribu kuitia Burundi mkononi mwake, lakini Warundi wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Baadaye akapigana na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, akashindwa mwaka 1894. Barua nyingi za watu wa zama hizo ziliangukia mikononi mwa maofisa wa dola ile, zikachukuliwa mpaka Ubelgiji. Zilikaa huko miaka zaidi ya mia. Mtaalamu wa Kibelgiji, Xavier Luffin, akazisoma na kuzieleza, na kitabu chake juu ya hati hizo za Kiarabu na Kiswahili kikatoka mwaka 2020.

Mfano mwingine ni wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Alipokuwa mzee Unguja aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin katika mwaka wa 1902 na 1903. Haikurudi Afrika Mashariki hata Whiteley alipoitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Lau mzee yule asingaliandika, khabari zake zingalibaki katika vinywa vya wengine tu, waliompenda na waliomchukia.

Watu wengi wakisikia maneno "kitabu cha thamani" hufikiri kitabu kinene chenye jalada la ngozi na nakshi za dhahabu. Sivyo. Katika nyumba za Waswahili yaliyo na thamani kubwa kwa historia aghalabu ni madogo: barua ya mfanyabiashara kwa nduguye, hati ya kununua kiwanja au shamba la michikichi, hati ya ndoa na mahari, wasia, ijaza aliyopewa mwanafunzi na sheikh wake, daftari la msikiti. Hata kitabu kilichochapwa Bombay au Cairo, kama Maulidi ya Barzanji au Safina, ambacho nakala zake ni elfu, chaweza kuwa cha pekee duniani kwa sababu ya maneno matatu yaliyoandikwa pembeni: jina la mwenyewe, jina la mwalimu wake, na siku aliyozaliwa mwanawe. Waislamu hawana udhuru wa kuyadharau maandishi ya namna hiyo, kwani aya ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya Sura ya Baqara, ni juu ya kuandika deni na kuweka mashahidi.

Na mbona mengi yamepotea? Sababu ya kwanza ni heshima isiyokuwa na elimu. Herufi za Kilatini zilipoenea mashuleni, vijana waliacha kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjukuu akafungua sanduku, akaona herufi za Kiarabu, akadhani yote ni Kurani; akaogopa kuyagusa, mchwa wakayagusa. Au akayazika na kuyachoma kama ufanyiwavyo msahafu uliochakaa, kumbe alichozika ni hati ya shamba la babu yake.

Sababu ya pili ni misiba. Machafuko yaliyoanza mwisho wa Aprili 1972 yaliwaka katika sehemu hizi hizi za Rumonge na Nyanza-Lac. Watu wengi mno waliuawa katika nchi, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Vita vilivyofuata mwaka 1993 vikawakimbiza wengine. Mwenye kukimbia usiku hubeba mtoto, na akiweza hubeba msahafu. Sanduku la karatasi huliacha. Waliorudi baada ya miaka mingi, wengine walikuta nyumba ina mwenyeji mwingine, na wengine hawakukuta nyumba. Katika hali hiyo hati ya shamba haikuwa tena jambo la wapenda mambo ya kale: ilikuwa ndiyo haki ya yatima.

Sababu ya tatu ni ziwa lenyewe. Tangu mwaka 2020 na miaka iliyofuata maji ya Tanganyika yamepanda sana, yakaingia majumbani kandokando ya mwambao wa Burundi, na Rumonge haikusalimika. Karatasi iliyookoka moto haiwezi kuokoka maji.

Kuna na sababu ya nne, ambayo watu hawapendi kuitaja, nayo ni haya. Biashara ya misafara ilikuwa ya pembe, na ilikuwa ya watu pia. Katika masanduku ya zamani huonekana hati ya kuuzwa mtumwa, au hati ya kuachwa huru. Miongoni mwa Waislamu wa mwambao wamo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, nao leo husimama safu moja nyuma ya imamu mmoja. Wapo waonao kwamba karatasi kama hizo ni afadhali zichanwe ili watu wasikumbushane. Lakini mwenye kuchagua yampendezayo na kuyachana mengine hakusanyi historia, bali ajitengenezea sifa. Tena hati ya uhuru yaweza kuwa ndiyo pekee iliyolitaja jina la bibi wa watu, na kuichana ni kumpoteza mara ya pili. Hati za namna hiyo zitunzwe kwa amana, zisisomwe hadharani kwa kumtweza mtu.

Namna ya kuzitunza imekwisha kuonekana mahali pengine. J. W. T. Allen alikusanya hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na sauti za wazee, na orodha ya zilizowekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ikachapishwa mwaka 1970. Katika karne hii hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha ili wasomi wa kila nchi wazione, na asili zikabaki mle mle msikitini. Njia hii ya Lamu ndiyo imfaayo mtu wa Rumonge, kwa kuwa haimnyang'anyi mwenye mali mali yake. Wala asikate tamaa aliye na karatasi iliyofifia. Livingstone alipokuwa Nyangwe mwaka 1871 aliishiwa na karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Maandishi yale yalififia yakawa hayasomeki. Lakini mwaka 2011 wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, yakasomeka.

Kazi yenyewe ni nyepesi kwa wenye nia. Hati isitolewe nyumbani mwake. Ipigwe picha, hata kwa simu ya mkononi, kila ukurasa pamoja na pembezoni. Katika daftari la msikiti liandikwe jina la mwenyewe, aliyemrithisha, na anayoyakumbuka juu yake. Mjuzi wa herufi za Kiarabu aisome kabla hakijazikwa kitu chochote. Mwaka wa Hijria ugeuzwe: barua ya mwaka 1298, kwa mfano, iliandikwa baina ya Desemba 1880 na Novemba 1881, yaani karibu na siku zile zile mapadri walipouawa Rumonge. Nani ajuaye kama haimo katika sanduku la mtu karatasi moja ya mwaka huo, isemayo kwa Kiswahili yale ambayo mpaka leo husomwa kwa Kifaransa tu?

Zaid bin Thabit alipopewa amri aliona afadhali angaliambiwa ahamishe mlima. Hata hivyo alianza na kipande kimoja cha ukuti. Mwenyezi Mungu awarehemu walioandika, awape nguvu watakaokusanya, na ajaalie watoto wa mwambao huu wazisome khabari za wazee wao kwa lugha yao. Amin.