Kisanturi, Si Kicheza Muziki

Kuna jina linalochapishwa kwenye vikasha vya vifaa vidogo vya muziki, linarudiwa katika orodha za istilahi, na sasa linaingia magazetini bila mtu kuliuliza limetoka wapi. Jina hilo ni kicheza muziki. Nimelivumilia kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Ni jina bovu, na ubovu wake hautokani na kupenda au kutopenda kwangu. Umo katika kitenzi chenyewe, na mtoto yeyote aliyekulia ndani ya lugha hii angeutambua kabla ya kamati ya istilahi kumaliza chai yake.

Katika Kiswahili ngoma hupigwa na mpigaji na huchezwa na mchezaji, na kazi hizo mbili hazijawahi kupewa jina moja. Mpiga ngoma ameketi na ngoma yake. Mcheza ngoma yuko uwanjani. Tunasema mpiga zeze, mpiga gitaa, mpiga kinanda. Bibi harusi anayecheza muziki hana chombo chochote mkononi. Kwa hiyo kicheza muziki, kwa sikio lililozoea lugha, ni kitu kinachokata viuno muziki ukipigwa na mwingine. Na ukifungua kamusi utamkuta jirani yake wa karibu, kichezeo, ambacho ni kitu cha mtoto kuchezea. Aliyeunda jina hili alikuwa na neno la Kiingereza mbele yake, akalitafuta katika kamusi ya lugha mbili, akachukua maana ya kwanza aliyoiona, akabandika ki- mwanzoni. Akaita hiyo kazi ya istilahi.

Sina ugomvi na umbo lenyewe. Ki-, kitenzi, kisha nomino: ndilo umbo lililotupa kipaza sauti, kizima moto na kifungua kinywa. Ndilo lililotupa pia kinasa sauti, na hapo nasimama kidogo kwa heshima. Kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo. Aliyeunda neno hilo aliiona sauti ikipita hewani kama ndege, akauona utepe ukiishika isiruke tena. Huyo alifikiri kwa Kiswahili. Kati ya kinasa sauti na kicheza muziki umbo ni lile lile, lakini la kwanza lina mtu ndani yake na la pili halina.

Wapo wanaojibu kwamba vijana husema kila siku, nichezee hiyo ngoma, na watangazaji wa redio husema hivyo hivyo. Ni kweli, nawasikia. Lakini katika mazungumzo muktadha huliokoa neno: anayesema amekikabili chombo, ngoma imeshakuwa wimbo, na anayeambiwa anajua hajaombwa kuinuka acheze. Istilahi haina msaada huo. Husimama peke yake katika kamusi, kwenye kikasha au katika mtihani wa mtoto wa darasa la sita, na lazima ibebe maana yake kwa miguu yake yenyewe. Wengine wamejaribu kurekebisha kwa kuongeza kiambishi, wakaleta kichezeshi, yaani kinachowafanya watu wacheze. Wangekwenda Subukia, katika Bonde la Ufa la Kenya, mwanzoni mwa Oktoba, mahujaji wanapomiminika kwenye Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria, wakawaona akina mama wanaopanda wakiwa na vifaa hivi mfukoni wakisikiliza rozari. Ningependa waniambie ni nani pale anayechezeshwa.

Kuna pia wanaokwepa kazi yote kwa kusema tu emupithrii. Hilo ni jina la namna ya kubana sauti, wala si jina la kifaa. Ni kazi ya wahandisi wa Ujerumani, wakiwemo wa taasisi ya Fraunhofer na Karlheinz Brandenburg, na alama za mp3 zilichaguliwa mwaka 1995 ziwe tambulisho mwishoni mwa jina la faili. Vifaa vya kwanza vya kubeba mkononi vilitokea mwaka 1998: MPMan ya Korea Kusini na Rio PMP300 ya Marekani. Fraunhofer walifunga mpango wao wa leseni mwaka 2017, na siku hizi kifaa hicho hicho cha bei nafuu husoma mafaili ya aina nyingine kadha wa kadha. Tukikiita kwa jina la faili moja, jina litachakaa kabla ya betri.

Shida ya kupata jina la kifaa cha namna hii haikuanza kwetu. Sony walipotoa kifaa chao cha kaseti mwaka 1979, walikiita Walkman huko Japani, Soundabout Marekani, Stowaway Uingereza na Freestyle Uswidi, mpaka jina la kwanza likayashinda yote. Wafaransa hawakulikubali hata hilo. Serikali yao ilipitisha neno baladeur, kutoka katika neno lao la matembezi. Wao walitazama mtu anavyokitumia kitu, anavyotembea nacho, kisha wakatafuta neno nyumbani kwao. Sisi tulitazama Kiingereza.

Neno letu la nyumbani lipo, na lina umri mkubwa kuliko kamati zote. Ni santuri. Liongezee ki- ya udogo upate kisanturi, wingi visanturi.

Nalifuatilia neno hili kwa furaha. Chimbuko lake ni Kigiriki, psalterion, chombo cha nyuzi, kutoka kitenzi chenye maana ya kudonoa nyuzi kwa vidole. Wagiriki walipotawala Mashariki jina liliingia katika Kiaramu, likabadilisha l kuwa n, likawa psanterin. Hivyo ndivyo lilivyoandikwa katika sura ya tatu ya kitabu cha Danieli, katika orodha ya vyombo vilivyowaashiria watu waisujudie sanamu ya Nebukadreza. Waajemi na Waarabu wakaliita santur: ubao wenye pembe nne, nyuzi nyingi juu yake, na vijiti viwili vyembamba vya kuzipiga. Nasema kuzipiga, na naomba jambo hilo likumbukwe. Waliotafsiri Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, walipofika kwenye psanterin ya Danieli waliandika santuri. Neno lilikuwa limezunguka kwa njia ya Uajemi, Uarabuni na Bahari ya Hindi, likarudi kukaa mahali pale pale katika orodha ile ile. Mkristo yeyote wa Subukia aliyewahi kusoma habari za Shadraka, Meshaki na Abednego amelisoma neno santuri, na orodha hiyo inajirudia katika sura hiyo tena na tena.

Wakati huo pwani ilikuwa imeshalipa kazi mpya. Gramafoni ilipofika, Waswahili hawakuita kamati. Waliona kitu kinachotoa muziki, wakakipa jina la chombo cha muziki walichokijua, na sahani yake nayo ikawa santuri. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, chini ya nembo ya His Master's Voice, na sahani zake zikasambaa Afrika Mashariki nzima. Watu walipiga santuri za Siti. Hawakuzicheza, isipokuwa waliposimama kucheza.

Bara nako hakukuwa kimya, na hapa nawajibu wanaodai kwamba santuri ni neno la pwani lisilotuhusu sisi wa Bonde la Ufa. Kericho, upande wa pili wa Nakuru ukitoka Subukia, ndiko ilikokuwa kampuni ya Chandarana, iliyotoa santuri za wanamuziki wa Kikalenjin na wa Kijaluo zikauzwa hadi vijijini. Kabla ya hapo, Wakipsigis walikuwa wamemsikia mwimbaji wa Kimarekani, Jimmie Rodgers, kwenye santuri za kuzungushwa kwa mkono. Jina lake wakalipokea kwa masikio yao wenyewe, likawa Chemirocha, nao wakamtungia nyimbo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizirekodi mwaka 1950. Katika habari yote ya muziki wa bonde hili sijui kitu kinachonigusa kama hicho: wasichana wa Kikipsigis waliokuwa wakisikia sauti ya mgeni ikitoka ndani ya sanduku, wakampa jina linalotamkika, wakamwingiza katika nyimbo zao. Watu wa namna hiyo hawahitaji kukopeshwa kicheza muziki.

Nililipeleka neno kisanturi kwa jopo moja la istilahi, na maelezo ya asili yake nikayaambatisha. Jibu lililokuja lilikuwa fupi kuliko anwani yake. Lilisema kwamba santuri ni neno la wazee, na kifaa ni cha vijana. Sikuelezwa nani aliamua, wala kwa kigezo gani. Baadaye nikaona orodha iliyochapishwa, na ndani yake kicheza muziki kimetulia kana kwamba kimezaliwa humo.

Nalijibu jopo hadharani, kwa kuwa faraghani halikutaka kusikia. Uzee wa neno si dosari ya istilahi. Simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya uzi wa madini, na leo hakuna anayekataa kuiita simu kwa sababu haina uzi. Neno santuri nalo limeshahama mara moja, kutoka nyuzi kwenda sahani, na hakuna aliyelalamika. Kuhama mara ya pili, kutoka sahani kwenda kadi, ni safari fupi zaidi. Tena kisanturi kina faida ambayo kicheza muziki hakina: ni neno moja. Unasema kisanturi changu, kisanturi cha mama, visanturi vya mahujaji. Jaribu kusema vicheza muziki vya mahujaji, uone sentensi inavyoyumba.

Mwandishi mwenzangu mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, ametetea kinanda cha mfukoni. Hoja yake ina msingi, maana kamusi za zamani zililipa neno kinanda vyombo vingi vya kigeni, na gramafoni ilikuwamo. Lakini ndilo tatizo lenyewe. Kinanda kimeshajazwa piano, kodiani na kile kikubwa cha kanisani. Ukimwambia mtu wa Subukia kwamba una kinanda mfukoni, atakutazama vibaya, na atakuwa na haki.

Pale sokoni Subukia wengi huita kifaa hiki karedio, kwa ka- ya Kikuyu ya udogo, na mara nyingi redio imo ndani yake kweli. Katika vibanda vya kujazia nyimbo utasikia kijana akimuuliza bibi mzee: "Cucu, nikuwekee za Kamaru ama za kanisa?" Naye hujibu: "Weka zote, kijana wangu, lakini za kanisa zianze." Ka- hiyo ndiyo inayonipa matumaini. Wasemaji wenyewe wameshaamua kwamba jina linataka udogo na linataka nomino ya chombo. Kamati ililetewa nusu ya jibu mlangoni, ikapita nje ikienda kutafuta kitenzi cha Kiingereza.

Kuhusu matumizi nitasema machache. Sahani ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande. Kadi ya gigabaiti 8 katika kisanturi cha bei ya chini hubeba karibu nyimbo 2,000 za dakika nne nne, zikibanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Vingi havina kioo cha kuonyesha majina, na hupiga nyimbo kwa mfuatano ule ule zilivyonakiliwa, kwa hiyo anayetaka za kanisa zianze azinakili kwanza. Betri nyingi ni zile pana za BL-5C zilizotumika katika simu za Nokia, na hupatikana kila kituo. Kadi isichomolewe wimbo ukiwa unalia.

Vitenzi vinavyokwenda na neno hili tunavyo tayari. Mtu hupiga kisanturi, kisanturi hulia, nyimbo hutiwa au hujazwa. Simu inayopiga nyimbo ibaki simu. Redio yenye nafasi ya kadi ibaki redio ikiwa inatumiwa kusikilizia vituo kama Inooro au Kameme tu. Ikitiwa kadi ikalia nyimbo za mwenyewe, hapo ni kisanturi. Kwa watakaokaa tena kuandaa orodha, ingizo ninalolitaka ni hili, nao wako huru kulichapa bila jina langu:

kisanturi nm vi- [ki-/vi-] kifaa kidogo cha kubebeka kinachohifadhi nyimbo au sauti nyingine katika kadi au kumbukumbu yake ya ndani na kuzipiga: Cucu alipiga kisanturi njia nzima kutoka Nyahururu hadi Subukia.