Umepata A na karo hakuna? Cheki hizi kabla ukate tamaa

Siku ya matokeo mtaa mzima unakushangilia. Baadaye barua ya chuo inaingia, unaona karo, na nyumbani hakuna doo. Tulia, kuna watu wanatafuta viongozi kama wewe.

1. Zawadi Africa
Hii ni ya madem pekee. Ilianzishwa 2002 na Susan Mboya, binti ya Tom Mboya, yule aliyepanga wanafunzi wapelekwe Marekani kwa ndege kuanzia 1959. Wangari Maathai alienda na mpango huo 1960.

2. Equity Leaders Program
Iko tangu 1998. Waliong'ara KCSE wanapewa kazi ya kulipwa kwenye matawi ya benki kabla ya chuo, na wanashikwa mkono kuomba ufadhili vyuo vya nje.

3. Mastercard Foundation
Mpango ulizinduliwa 2012. USIU-Africa hapa Nairobi imo, na Ashesi ya Ghana pia.

Sasa skiza. Uongozi si beji ya prefekti. Wengi wanaandika "nilikuwa kapteni" na kuishia hapo. Sema ulichofanya: ulifundisha watoto wangapi hesabu pale kwa ploti yenu, na nini kilibadilika? Kama jioni ulikuwa unauza mboga na mathe huku ukisoma, weka hiyo pia.

Na msee akikuitisha chai ndio jina lako lipite, huyo ni mkora. Nafasi hizi hazinunuliwi.