Waliopangiwa na Wanaochagua: Vijana wa Gisenyi na Vyuo Vikuu

Matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, nyumba nyingi za mtaa wetu wa Mbugangari huwa na mjadala uleule: mtoto aende chuo gani? Wadogo zangu na rafiki zao huja kuniuliza mimi kwa kuwa nimeshatangulia. Wakiwauliza wazee, jibu huwa fupi: "Chukua utakachopewa." Katika insha hii nataka kueleza jibu hilo limetoka wapi. Naona kwamba kuchagua chuo ni jambo changa sana nchini Rwanda. Kwa sehemu kubwa ya historia ya elimu yetu kijana ndiye aliyechaguliwa, na waliomchagua hawakumuuliza anapenda nini.

Wakati wa Wabelgiji swali lenyewe lisingeulizwa, maana chuo kikuu hakikuwepo. Waliofika juu walipitia Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo tunauita Huye, wakatoka makarani na watumishi wa utawala, au walikwenda seminari kuu ya Nyakibanda iliyoanza mwaka 1936. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwezi Novemba 1963 chini ya padri Georges-Henri Lévesque, Mdominiko kutoka Kanada. Kilianza na wanafunzi 51 na walimu 16. Wanafunzi 51 kwa nchi nzima! Hapo neno "kuchagua" halina kazi.

Februari 1973 majina ya wanafunzi wa Kitutsi yalibandikwa kwenye kuta za chuo hicho na za shule nyingi za sekondari, wakatakiwa waondoke. Wengi walikimbilia Burundi na Zaire. Julai mwaka huo Juvénal Habyarimana alitwaa madaraka, na serikali yake ikashika siasa iliyoitwa kwa Kinyarwanda iringaniza: nafasi za sekondari na za chuo ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Mtu wa Gisenyi akifika hapa hana budi kusema ukweli hata ukimchoma. Habyarimana alikuwa mtu wa kwetu, na Gisenyi na Ruhengeri zilipendelewa kuliko mikoa ya kusini. Wapo wazee wa huku wanaoikumbuka miaka hiyo kama miaka ya neema. Neema hiyo ilikuwa kiti cha mtoto mwingine aliyekuwa na alama za kutosha.

Hata hivyo, aliyependelewa naye hakuchagua. Baba yangu mkubwa alikuwa akitengeneza redio za majirani tangu utotoni, na alitaka kusomea umeme. Barua ilipokuja ilimpeleka ualimu, mbali na nyumbani, akafundisha mpaka akastaafu. Nilipomuuliza kama aliipenda kazi hiyo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaipenda mvua. Na yeye alikuwa na bahati: baada ya mageuzi ya elimu ya 1978, wengi waliomaliza shule ya msingi waliishia kwenye vituo vya ufundi vilivyoitwa CERAI, wala hawakuiona sekondari.

Katika mfumo huo kulikuwa na mlango mmoja wa pembeni, na ulikuwa jirani yetu kabisa. Mudende, juu kwenye mashamba ya viazi nje ya mji, Waadventista walijenga Chuo Kikuu cha Afrika ya Kati, wakaanza kufundisha mwaka 1984 kwa Kifaransa. Kilikuwa chuo cha binafsi: mtu aliomba mwenyewe na kulipa mwenyewe. Bila shaka ada iliwazuia walio wengi, lakini kwa mara ya kwanza kijana wa Gisenyi aliweza kufikiria chuo bila kusubiri orodha ya wizara. Mlango huo haukudumu. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbilia chuoni Mudende waliuawa humo humo. Mwaka 1997 kambi ya wakimbizi Wakongomani iliyokuwa Mudende ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba. Chuo chenyewe kilikuwa kimeshafunguliwa upya Kigali, na huko ndiko kilipo mpaka leo. Vijana wengi wa Rubavu ninaozungumza nao hawajui kwamba Mudende iliwahi kuwa na chuo kikuu.

Baada ya 1994 milango iliongezeka haraka. ULK ilianzishwa Kigali mwaka 1996, ikajulikana kwa masomo ya jioni yaliyowafaa watu wenye kazi, kisha ikafungua tawi hapa Gisenyi. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Katikati ya mabadiliko hayo, mwishoni mwa 2008, serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mzazi aliyesoma kwa Kifaransa akajikuta hawezi hata kusoma maelezo ya kozi ambayo mwanawe anaiomba. Nadhani hii ni sababu nyingine ya "chukua utakachopewa", ingawa wazee hawaitaji.

Kwa hiyo kijana wa leo ana uhuru ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuutumia. Akija kwangu, naanza na mchepuo wake wa sekondari, maana huo umeshamfungia baadhi ya kozi. Kisha namuuliza atalala wapi na atakula nini, kwa sababu mkopo wa serikali haumfikii kila mtu. Halafu tunatazama kama chuo na kozi vimetambuliwa na Baraza la Elimu ya Juu. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Kibungo, UNIK, kilifungwa na wizara, na wanafunzi wake wakalazimika kutafuta pa kumalizia masomo. Wengine huvutiwa na vyuo vya Goma, ambako mtu anafika kwa miguu kupitia Petite Barrière. Nawakumbusha kwamba mpaka huo ulifungwa kwa muda mwaka 2019 kwa ajili ya Ebola, ukafungwa tena 2020 kwa Korona, na kwamba Goma yenyewe iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025.

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi: wewe mwenyewe unataka nini? Wengi hunyamaza. Mimi nilipotaka kusoma Kiswahili Rukara, mashariki kabisa ya nchi, shangazi alicheka: "Kiswahili unakizungumza sokoni tangu mtoto, unakwenda kusomea nini?" Kwa kizazi chake kilikuwa lugha ya wachuuzi na wanajeshi. Nilimweleza kwamba tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda na kwamba shule zinahitaji walimu wake. Hakushawishika, lakini nauli alinipa.

Mwezi uliopita binti mmoja wa jirani, anayechora vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, aliniambia anaomba uhasibu kwa sababu mjomba wake amesema hivyo. Jumamosi tutakwenda wote watatu, mimi, yeye na mjomba, tukaitembelee Shule ya Sanaa ya Nyundo na tuwaulize walimu wa pale wanafunzi wao huendelea wapi.