Wajibu wa Amana

Katika sheria za Uingereza na Marekani upo wajibu uliopewa jina kutokana na neno la Kilatini fiducia, ambalo maana yake ni itibari. Nao ni wajibu wa kila aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe, au aliyeaminiwa kumshauri juu ya mali hiyo, awe msimamizi wa mfuko wa pensheni au mshauri wa uwekezaji, kuyatanguliza maslahi ya mwenye mali na kuyaweka ya kwake nyuma. Kwa kuwa tumekwisha kuzoea kusema bodi ya wadhamini, ni wepesi kuuita udhamini. Lakini naona jina hilo linaficha kiini chenyewe, na kwamba lililo sawa ni wajibu wa amana.

Kiini hicho kilidhihirika Uingereza mwaka 1726, katika kesi ya Keech na Sandford. Mtu mmoja alikuwa akishika, kwa niaba ya mtoto mdogo, ijara ya soko la Romford. Muda ulipokwisha, mwenye soko akakataa kumpangisha mtoto, kwa kuwa hangeweza kumfunga kwa ahadi za mkataba, na yule msimamizi akaitwaa ijara kwa jina lake. Hakuiba, na mtoto hakupunguziwa kitu ambacho angekipata. Hata hivyo Lord King, aliyekuwa Lord Chancellor, aliamuru ijara irejeshwe kwa mtoto pamoja na faida yake, akishika kwamba katika watu wote ni msimamizi huyo peke yake asiyeruhusiwa kuichukua.

Mafakihi wa Kiislamu, ambao istilahi zao zimeingia katika lugha yetu tangu zamani, walitenga mkono wa dhamana na mkono wa amana. Mwenye mkono wa dhamana, kama aliyeghusubu mali ya watu, hulipa kilichopotea hata kama kimepotea kwa kudura. Ama mwenye mkono wa amana, nyumba ikiungua pamoja na alichowekewa, halipi ila iwapo alizembea au alivuka mpaka aliowekewa. Ndiyo maana neno mdhamini, ambalo sokoni na mahakamani ni yule alipaye deni mkopaji akishindwa, linampotosha mteja: humfanya adhani ameahidiwa kwamba hisa zake hazitashuka bei, jambo ambalo hakuna mja awezaye kuliahidi, na humsahaulisha lile analostahiki kulidai, yaani ikhlasi ya anayemshauri. Mshauri mwaminifu aweza kutoa shauri likaleta hasara, naye asiwe na hatia; na khaini aweza kukuletea faida, ilhali khiyana yake iko pale pale.

Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ililithibitisha hilo mwaka 1963, ilipoifasiri Sheria ya Washauri wa Uwekezaji ya mwaka 1940. Kampuni ya Capital Gains Research Bureau ilikuwa ikinunua hisa kimya kimya, kisha ikizisifu kwa wateja wa jarida lake, na bei ilipopanda ikiziuza za kwake. Mahakama haikutaka ithibitishwe kwamba mteja alipata hasara. Iliona yatosha kwamba alifichwa jambo alilostahiki kulijua.

Shubuha moja imebaki, na si ndogo. Benki zetu huita amana fedha tuwekazo kwao, ilhali katika sheria ya Kiingereza, tangu hukumu ya Foley na Hill ya mwaka 1848, fedha hizo huwa mali ya benki, na benki huwa mdaiwa wa mteja tu. Hapo neno limetumika kwa ada, si kwa hukumu yake. Lakini mtu huyo huyo wa benki akijifanya mshauri, akamhimiza mzee aliyestaafu ahamishe akiba yake katika mfuko wa uwekezaji, amekwisha kushika amana kwa maana yake ya asili, na mzee ana haki ya kumuuliza, kabla hajatia saini, ni ujira gani atakaoupata kwa shauri hilo, na kutoka kwa nani.