Ukungu wa nyuma (upigaji picha)

Ukungu wa nyuma ni kufifia kwa vitu vilivyo nyuma ya mlengwa wa picha, huku mlengwa mwenyewe akionekana wazi. Huitwa pia boke, neno la Kijapani ambalo jarida la Marekani la Photo Techniques lililieneza mwaka 1997. Ni kigezo halali cha kupimia lenzi, ila si cha kwanza.

Kutokea kwake

Ukungu hutegemea upana wa tundu la lenzi, urefu wa fokasi, na umbali kati ya kamera, mlengwa na vilivyo nyuma yake. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa hadi f/1.8 huwa na tundu la milimita 28 hivi. Tundu la kamera kuu ya simu nyingi halifiki milimita 5, ndiyo maana simu huutengeneza ukungu kwa programu, na mara nyingi hukosea kwenye nywele.

Wingi na ubora

Ukungu mwingi si lazima uwe mzuri. Lenzi moja hugeuza taa za ukumbini nyuma ya bibi harusi kuwa duara laini. Nyingine huacha duara zenye ukingo mkali unaoliondoa jicho usoni pa mlengwa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kujulikana kama Bustani ya Mungu, tofauti hiyo huonekana kwenye ua la okidi lililopigwa kwa karibu: kwa lenzi yenye ukungu mkali, kila unyasi nyuma yake huonekana kama nyasi mbili.

Picha kama ushahidi

Mwaka 2005 kipunji, kima wa misitu ya Rungwe, Mbeya, na Ndundulu katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa, alitangazwa kuwa spishi mpya kwa kutegemea picha. Zilitakiwa zionyeshe manyoya yaliyosimama utosini, ndevu ndefu za mashavuni na mkia. Mwaka 2006, baada ya kupatikana kwa mzoga kutoka kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe, alipewa jenasi yake, Rungwecebus.

Katika msitu wenye giza kama huo, tundu pana hufunguliwa kwanza kwa ajili ya mwanga. Ukungu hufuata wenyewe. Kwa hiyo lenzi ipimwe kwanza kwa inavyomwonyesha mlengwa, unyoya kwa unyoya, ndipo kwa inavyovififisha vilivyo nyuma yake.